Shangazi Filimbi na Ruhusa ya Pili

Asubuhi hiyo Bi Redio hakusalimia. Aliitua ndoo yake penye bomba, akatazama kushoto, akatazama kulia kama mtu anayetaka kuvuka barabara, halafu akasema:

"Mama Tikiti, yule wa chumba cha mwisho kang'atwa."

"Nani, Shangazi Filimbi?"

"Yuko mwingine? Mbwa kamng'ata, sumu imeteremka kwenye vidole. Hujaviona vilivyovimba? Kama viazi. Mimi sisemi kitu, unanijua sisemi, lakini ningekuwa na mtoto mdogo ningemfungia ndani."

Bi Redio alipewa jina hilo kwa sababu hakuna habari iliyowahi kufika uani pale kabla yake. Hata umeme ukikatika, yeye alikuwa ameshatangaza. Mama Tikiti aliendelea kusuuza nepi, na mtoto mgongoni akaendelea kunyonya ncha ya khanga. Mtoto huyu, wa mwaka mmoja na nusu, aliitwa Tikiti kwa ajili ya mashavu yake, na mama yake akapata jina kupitia hapohapo.

Lakini neno lilimwingia. Mama Tikiti aliogopa mbwa tangu utotoni, na Tikiti alimpenda Shangazi Filimbi kuliko watu wote wa ua ule. Kila jioni mtoto alipelekwa mlangoni kwa shangazi kuishika ile filimbi ya chuma iliyoning'inia shingoni mwake, akailowesha mate, akarudi nyumbani amefurahi. Je, sumu hupitia kwenye filimbi?

Shangazi Filimbi alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye sauti ya kukwaruza. Kazi yake ilikuwa kufunza mbwa wa ulinzi katika kituo kilichokuwa nyuma ya ukuta wa ua wao. Miaka ishirini aliifanya kazi hiyo. Mbwa waliopita mikononi mwake walilinda maghala na viwanda vya mji mzima, na inasemekana hakuna aliyewahi kumng'ata mtu asiyestahili.

Mama Tikiti alikuwa na tabia ya kutazama kabla ya kuamini. Aliwashonea watu vifungo na viraka nyumbani, akiwa amekaa dirishani, na kutoka dirishani aliona mengi. Aliwahi kuona kwamba alfajiri vidole vya shangazi vilikuwa vimejikunja na kukataa kukunjuka. Saa sita mchana, shangazi aliporudi kula, vidole vilevile vilimenya chungwa. Kesho yake tena, alfajiri vimekakamaa, mchana vimelegea. Mama Tikiti akajiuliza: sumu gani hii inayofanya kazi zamu ya asubuhi tu?

Jumatatu, kabla jua halijapanda, alichukua beseni aliloazimwa na shangazi wiki iliyopita akaenda kulirudisha, Tikiti mgongoni. Alimkuta amesimama mlangoni na shati la kazi, anahangaika na kifungo cha kwanza.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mama. Kimenishinda hiki. Kimeamka na kiburi."

Mama Tikiti aliweka beseni chini, akamfunga vifungo vyote, kimoja baada ya kingine, kama anavyomvisha mwanawe. Alipofika cha mwisho akasema bila kuinua macho:

"Watu wanasema umeng'atwa."

Shangazi alicheka mpaka akashika mlango. "Mimi? Mbwa anayenijua aning'ate, atajificha wapi kwa aibu? Mwambie huyo Redio abadilishe betri. Hii ni baridi yabisi, mama. Ingia, ukae. Huyo tonge la mashavu mpe filimbi yake."

Chumba kilikuwa kidogo na kisafi. Kitanda, kabati, picha ya mbwa saba waliokaa mstari mmoja kama wanafunzi. Shangazi alikaa kwenye kigoda, akaingiza mikono katika beseni lilelile lililorudishwa, safari hii lina maji ya moto, akaanza kueleza.

"Daktari kaniambia hivi. Damu ina walinzi wake. Wanaitwa kingamwili. Kidudu kikiingia, wao hukinasa. Sawa?"

"Sawa. Tulisoma darasa la sita."

"Basi mimi mwilini mwangu kuna kingamwili zinazonasa kingamwili nyingine. Zangu mwenyewe! Walinzi wanakamatana mashati, na ugomvi wao wamekuja kuumalizia kwenye vidole vyangu. Daktari alidhani nitashangaa. Nikamwambia, daktari, hiyo naijua. Huyo ni Kaptura."

"Kaptura nani?"

"Mbwa wangu. Tutamfikia."

Mama Tikiti alifikiri kidogo. Alikuwa mtu wa kupenda kujua jambo linavyoanza. "Lakini shangazi, kwa sisi wengine, mwili unajuaje kwamba huyu mlinzi ni wangu, nisimguse?"

"Ndilo swali nililouliza. Daktari akavuta kiti. Anasema chembe zinazotengeneza hao walinzi huzaliwa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Kila moja huzaliwa na mdomo wa umbo lake, kwa bahati tu, hakuna aliyeupanga. Sasa palepale zilipozaliwa huonyeshwa vitu vya nyumbani. Ile inayong'ata cha nyumbani hubadilishwa mdomo, au hulazwa usingizi, au huondolewa kabisa. Nikamwambia, daktari, mbona hicho ni kituo chetu! Sisi mbwa mchanga hatumwonyeshi mwizi kwanza. Tunamwonyesha mpishi."

Wakacheka wote wawili, na Tikiti naye akacheka ili asipitwe.

"Ila ugumu uko hapa," shangazi aliendelea, akainua kidole kimoja kilichokubali kuinuka. "Kila kingamwili ina ncha yake ya kunasia. Na mwili ukipambana na ugonjwa, unazinoa ncha hizo upya, unapata maumbo ambayo hayajawahi kuwapo. Ni kama walinzi wanaobadilisha kofia kila siku. Sasa nani atamwonyesha mbwa mchanga kofia ambayo bado haijashonwa?"

"Hakuna."

"Hakuna. Zile zilizo nyingi, zinazopita kila saa, mwili unazizoea. Za mojamoja ndizo za kushtukiza. Kwa hiyo ipo ruhusa ya pili. Chembe ikishika kitu, hairuki hapohapo. Inasubiri chembe nyingine, iliyosomea shule nyingine huku kifuani, yenye walimu wakali zaidi, iseme 'ndiyo'. Isipoambiwa ndiyo, inanyamaza, inakwenda zake."

"Na kwako wewe?"

"Kwangu mimi kuna mtu anasema 'ndiyo' ovyo."

"Nani?"

"Daktari mwenyewe hamjui. Kasema bado wanamtafuta. Amenipa vidonge vya kuwatuliza, lakini vinataka wiki kadhaa. Na mimi wiki kadhaa sina. Nina mpaka Jumamosi."

Hapo ndipo Mama Tikiti alipomjua Kaptura. Alikuwa mbwa wa miezi kumi, wa rangi ya udongo, ila mapaja yake yote mawili ya nyuma yalikuwa meusi mpaka magotini, kama aliyevaa suruali fupi ya shule. Wenzake watano walikwisha kupelekwa kazini. Yeye ndiye aliyebaki, na ndiye aliyekuwa mwerevu kuliko wote.

Kituoni palikuwa na desturi iliyoitwa kulaza nguo. Chochote ambacho walinzi wangevaa, kiwe shati, buti au kofia, kwanza kililetwa bandani na kuachwa siku nne. Mbwa wakakilalia, wakakinusa, wakala kando yake, mpaka kikawachosha. Baada ya hapo ndipo mlinzi alipokivaa. Lakini mwezi uliopita alikuja mkuu mpya wa kituo, mtu wa haraka, aliyepiga pasi mpaka kamba za viatu. Makoti mapya ya mvua yalipofika, ya njano, yanayopiga kelele kama gazeti, yeye aliyagawa moja kwa moja kutoka kwenye boksi, kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha. Mlinzi wa lango, aliyemlisha Kaptura tangu siku aliyoletwa kituoni, akaingia bandani na koti lake. Kaptura akaruka, akashika mkono wa koti, akaning'inia nao.

Ngozi haikuguswa. Koti likapasuka tu. Lakini mkuu akasema mbwa anayeng'ata walinzi wake hafai. Jumamosi asubuhi apimwe. Akirudia, apelekwe machimbo ya mawe, akafungwe mnyororo maisha yake yote.

"Na akienda yeye," shangazi alisema, akitazama maji kwenye beseni, "na mikono yenyewe ndiyo hii, mkuu atasema, basi na mama naye apumzike. Mimi nikipumzika nitamfunza nani? Redio?"

Mama Tikiti aliona kwamba shangazi alipoinuka, alichukua fagio akalishika bila taabu, lakini kamba ya kumwongozea mbwa, iliyokuwa nyembamba ya ngozi, ilimponyoka mara mbili. Akaiomba hiyo kamba kwa dakika kumi. Kwake alichana shuka kuukuu la Tikiti vipande virefu, akaviviringisha penye mshiko mpaka ukanenepa kama mpini wa fagio, akashona juu kwa uzi wa magunia. Shangazi aliushika, akakunja vidole. Vilifika mahali pake bila kusukumwa.

"Wewe mtoto," alisema, "una macho."

Siku mbili koti la njano lilining'inizwa bandani. Kaptura alilibwekea, akalinusa, akalilalia. Jumatano shangazi akafurahi, akalivaa mwenyewe, akaingia. Alipopiga hatua ya tatu Kaptura akaruka, akadaka pindo. Koti lililoning'inia alilizoea. Koti linalotembea lilikuwa kiumbe kingine.

Jioni ile Mama Tikiti alishona kiraka kwenye pindo, na shangazi alikaa kizingitini kwake.

"Nikimzoesha linalotembea," alisema, "kesho litakuja linalokimbia. Keshokutwa lenye tochi. Siwezi kumwonyesha kila kitu duniani."

Mama Tikiti alikata uzi kwa meno. "Si ulisema hata mwili hauwezi?"

"Nilisema."

"Ukasema upo mpango wa kusubiri ndiyo."

Shangazi aligeuka akamtazama. Kisha akaishika filimbi yake kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Miaka ishirini filimbi ile ilikuwa ya kuachisha: mbwa akamate, yeye apulize, mbwa aachie. Kaptura alikuwa bado hajafundishwa hilo. Kichwa chake kilikuwa kitupu upande huo, kama ukurasa usioandikwa; kwake filimbi ingeweza kuwa ndiyo hiyo 'ndiyo'.

"Mama Tikiti," alisema, na sauti ikarudi kukwaruza kama kawaida, "unaweza kuvaa suruali ya mumeo?"

Hivyo ndivyo mwanamke aliyeogopa mbwa alivyojikuta siku ya Alhamisi akipita nje ya uzio wa waya wa kituo, amevaa suruali ya baba Tikiti iliyofungwa kwa kamba ya kuanikia nepi, mwavuli mkononi. Tikiti aliachwa kwa Bi Redio, ambaye aliahidi kutouliza swali hata moja, akauliza tisa.

Ndani ya uzio shangazi alisimama na kamba yenye mshiko mnene. Kaptura alipouona mwavuli, manyoya ya shingo yakasimama. Akavuta. Kamba ikakaa. Akabweka. Hakuna kilichotokea. Akavuta tena, akachoka, akageuza kichwa kumtazama shangazi, kama anayeuliza: vipi, hakuna kazi leo? Palepale shangazi akampa kipande cha nyama.

Mama Tikiti akapita tena, safari hii na beseni kichwani. Akapita na shuka jeupe limemfunika mpaka magotini, akajikwaa, akakaa chini, walinzi wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Akapita akirudi kinyumenyume. Kila mara Kaptura alipotazama nyuma kwa shangazi, alipata nyama. Na mara mojamoja, mlinzi wa lango alijitokeza amefunga gunia mkononi, shangazi akapuliza filimbi, na Kaptura akaruhusiwa kuliparua gunia lile kwa raha zake zote. Bila filimbi, hapana. Kwa filimbi, ndiyo. Mpaka Ijumaa jioni alikuwa anaona kitu kipya na shingo inageuka yenyewe kabla mdomo haujafunguka.

"Moyo wako vipi?" shangazi aliuliza wakati wa kurudi.

"Unapiga kama cherehani."

"Lakini ulipita mara kumi na nne. Nimehesabu."

Kipimo cha Jumamosi kilikuwa asubuhi, saa mbili, saa mbaya kwa vidole vya shangazi. Mama Tikiti alimfunga vifungo. Mikono ilikuwa ya baridi na imekakamaa, na kwa mara ya kwanza shangazi hakufanya utani. Bi Redio alikuwa ameshageuza ndoo chini ya ukuta na kupanda juu yake ili aone vizuri, Tikiti kiunoni.

Mkuu wa kituo alisimama na saa yake. Walinzi wanne walivaa makoti ya njano. Wa kwanza akapita akitembea. Kaptura akamtazama, akamtazama shangazi, akapata nyama. Wa pili akapita akikimbia. Vilevile. Wa tatu akapita na tochi inawaka mchana kweupe. Mkuu akatingisha kichwa kidogo, ikawa ngumu kujua kama ni kwa kuridhika au kwa kukosa cha kulaumu.

Wa nne alikuwa yule mlinzi wa lango. Alipofika mbele ya mbwa, upepo ukavuma, naye bila kufikiri akavuta kofia iliyoshonwa kwenye ukosi wa koti, akaifunika kichwani mpaka usoni. Hakuna aliyewahi kuivaa kofia ile mbele ya Kaptura. Hata shangazi hakujua kwamba ipo, ilikuwa imekunjwa ndani ya ukosi. Mtu aliyekuwa na uso sasa hakuwa nao.

Kaptura akainuka. Mngurumo ukatoka chini tumboni. Kamba ikakazika, na Mama Tikiti, aliyesimama karibu na uzio, aliona vidole vya shangazi vikiubana mshiko wa shuka kuukuu la Tikiti. Havikufunguka.

Halafu shingo ikageuka.

Kaptura alimtazama shangazi. Shangazi alikuwa na filimbi mdomoni, na pumzi kifuani, na hakupuliza. Sekunde moja. Mbili. Mbwa akapiga chafya, akakaa chini, akajikuna nyuma ya sikio kana kwamba jambo lile halikuwahi kumhusu.

Kutoka juu ya ukuta ikasikika sauti: "Kakaa! Jamani, kakaa!" Kisha kishindo cha ndoo, kisha, "Niko mzima, mtoto mzima!"

Mkuu aliandika kwenye karatasi yake. "Mbwa anabaki," alisema. Akaisogelea ile kamba na kuutazama mshiko wake. "Na mengine mapya yakija," aliongeza kwa sauti ya chini kidogo, "yalazwe kwanza."

"Makoti na kofia zake," shangazi alisema.

"Na kofia zake."

Saa sita mchana uani kulikuwa na kelele za furaha. Bi Redio, mwenye alama nyekundu ya ndoo kwenye goti, alikuwa anamweleza kila aliyepita kwamba ile ni baridi yabisi, walinzi wa damu wanakamatana wenyewe kwa wenyewe, na kwamba yeye tangu mwanzo alisema si kung'atwa. Hakuna aliyembishia. Mama Tikiti alikuwa mlangoni kwake anafua suruali ya mumewe.

Shangazi Filimbi alikuja akakaa kizingitini, akamenya chungwa. Vidole vilikuwa vimelegea. Alimpa Tikiti kipande, na Tikiti akaiacha filimbi kwa muda ili apate mdomo wa kulia.

"Nina ombi," shangazi alisema.

"Sema, shangazi."

"Jumatatu wanaletwa mbwa wachanga sita. Miezi miwili, meno kama mchele, watakuwa ndani ya waya. Wataona walinzi, wataona mpishi, wataona mkuu na kamba zake za viatu." Alimfuta Tikiti kidevu kwa kiganja. "Lakini pale kituoni hawajawahi kumwona mama aliyebeba mtoto mgongoni. Siku moja watakuwa kwenye ghala fulani, na mama wa namna hiyo atapita njia na hatakuwa na habari. Mfunge mwanao, mama, mje mpite mbele yao. Kila asubuhi, polepole, mpaka wachoke kuwaona."